Bili Kubwa ya Stima: Anza Kwenye Mita

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumze na wenye nyumba na wapangaji wa hapa Lamu, na ndugu zetu wa Malindi na pwani nzima, juu ya bili za stima zinazokuja ghafla zikiwa mara tano au sita ya mazoea. Anayepata bili kama hiyo mara nyingi hufanya moja kati ya mawili. Ama hukopa akailipa yote siku hiyo hiyo kwa kuogopa kukatiwa, ama huikunja akaitia kabatini akitumaini mwezi ujao mambo yatakaa sawa. Wa kwanza amekubali hesabu asiyoijua. Wa pili anaacha deni lijumlishwe na la mwezi unaofuata, na atakapoamka kulalamika miezi minne baadaye atakuwa hana picha, hana tarehe, wala hana barua ya kuonyesha kwamba alipinga mapema.

Fundi wa stima akiitwa kwenye nyumba yenye bili ya namna hii haanzi na waya. Huanza na karatasi na mita, na kazi hiyo haihitaji fundi. Kila mwenye macho na simu ya kupigia picha anaiweza, na afadhali aifanye kabla hajapanga foleni ofisini.

Kwenye bili mna vipimo viwili, cha awali na cha sasa. Toa cha awali kwenye cha sasa, upate uniti unazodaiwa. Uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani stima inayotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima. Simama mbele ya mita na bili mkononi. La kwanza kutazama si kipimo bali namba ya mita yenyewe, ile iliyochapwa kwenye bamba lake, ulinganishe na iliyo kwenye bili. Hapa mji wa kale nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, nyingine zimegawanywa kwa urithi, chini anakaa ndugu mmoja na juu mwingine, na mita mbili tatu hukaa pamoja kwenye daka moja. Mita zikipishana katika kumbukumbu za ofisi, wewe unalipia friza ya jirani na jirani analipia taa zako mbili. Kosa hili laweza kukaa miaka, kwa sababu anayelipa kidogo hana la kulalamikia.

Namba ikiwa sawa, soma kipimo. Mita nyingi za zamani, zile za kisahani kinachozunguka, zina tarakimu ya mwisho upande wa kulia yenye rangi nyekundu au iliyozungushiwa mstari mwekundu. Hiyo ni sehemu ya kumi ya uniti, haihesabiwi. Anayeisoma kama uniti kamili amekizidisha kipimo mara kumi. Kwenye mita za kidijitali skrini hupokezana namba kadhaa: tarehe, volti, namba za majaribio. Subiri mpaka itokee ile yenye alama ya kWh. Kipimo cha bili kikiwa kikubwa kuliko kile unachokiona kwenye mita leo, bili ina kosa, kwa sababu mita ya nyumba haihesabu kurudi nyuma. Piga picha inayoonyesha namba ya mita na kipimo kwa pamoja. Malalamiko ya aina hii ndiyo mepesi kuliko yote, mradi ufike na picha hiyo mapema, kabla kipimo halisi hakijapanda kikafikia kile kilichoandikwa kimakosa.

Kipimo cha mita kikiwa juu kidogo ya kile cha bili, basi uniti hizo zimepita kweli kwenye mita yako. Linalobaki ni kujua zilipita lini, na hapo ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua.

Msomaji mita akikuta mlango umefungwa, au mita iko ndani ya ua na hakuna wa kumfungulia, bili hutolewa kwa makadirio. Tuseme kipimo cha mwisho kilichosomwa kwa macho kilikuwa 7,506. Miezi minne iliyofuata ikakadiriwa uniti 50 kila mwezi, jumla 200. Mwezi wa tano msomaji akafunguliwa mlango, akakuta 7,986. Tangu kile kipimo cha 7,506 zimetumika uniti 480. Zilizokwisha kutozwa ni 200, kwa hiyo bili ya mwezi wa tano inakuja na uniti 280 kwa mkupuo, na mwenye nyumba anashika kichwa. Nyumba yake haikutumia 280 mwezi huo. Imekuwa ikitumia 96 kwa mwezi, miezi yote mitano, na kwa miezi minne ilitozwa pungufu.

Uniti ni zake na atazilipa. Lakini zikitozwa zote katika mwezi mmoja zinaweza kumpandisha bei. Wateja wa nyumbani nchini Kenya wamepangwa katika ngazi tatu za matumizi ya mwezi: hadi uniti 30, zaidi ya 30 hadi 100, na zaidi ya 100. Ngazi huangaliwa kwa wastani wa miezi 3, na bei ya ngazi uliyomo hutozwa kwa kila uniti tangu ya kwanza, si kwa zile za ziada tu. Nyumba ya uniti 96 ni ya ngazi ya kati. Sasa chukua miezi mitatu ya mwisho ya mfano wetu kama ilivyoandikwa kwenye bili: 50, 50 na 280. Wastani wake unakaribia 127. Nyumba ya ngazi ya kati imesukumwa ngazi ya juu kwa sababu ya mlango uliokuwa umefungwa. Kwa hiyo ombi la kupeleka ofisini si kwamba deni lifutwe. Omba zile uniti 480 zigawanywe katika miezi mitano zilimotumika na bei ihesabiwe upya, na hesabu uwe umeiandika mwenyewe kwenye karatasi, mstari kwa mstari. Karani aliye na watu thelathini nje ya dirisha hataifanya kwa niaba yako.

Kinga ya haya yote ni kutuma kipimo mwenyewe kila mwezi. Piga *977# au tumia programu ya simu ya Kenya Power, ufuate maelekezo ya kutuma kipimo cha mita. Chagua tarehe moja ya mwezi usiibadilishe, na hifadhi picha ya mita ya kila mara. Anayefunga nyumba kwenda Mombasa au ng'ambo kwa miezi kadhaa atume kipimo siku anayoondoka, kisha amwachie mtu wa kukituma baada yake.

Kuna bili nyingine ambazo uniti ni zile zile ila pesa zimeongezeka. Kuzitambua ni rahisi. Chukua gharama za mwezi huu peke yake, ukiacha deni la nyuma, ugawanye kwa uniti. Fanya vivyo hivyo kwa bili ya miezi mitatu iliyopita. Kama uniti moja ilikuwa shilingi 25 na sasa ni 28, hapana hitilafu nyumbani kwako, ni bei iliyobadilika. Juu ya bei ya msingi hupandishwa gharama ya mafuta, marekebisho ya ubadilishaji wa fedha za kigeni, marekebisho ya mfumko wa bei, tozo ya asilimia 5 ya kusambaza umeme vijijini, tozo za mamlaka ya kawi na ya maji, kisha ushuru wa VAT wa asilimia 16. Gharama ya mafuta ndiyo inayopanda na kushuka. Maji yakipungua kwenye mabwawa ya Mto Tana, Masinga na mengine yaliyo chini yake, mitambo ya mafuta hulazimika kufanya kazi zaidi, na sisi tulio mwisho wa laini ya Rabai, Malindi, Garsen hadi Lamu tunalipa sawa na wa Nairobi. Hata hivyo mabadiliko ya bei hayageuzi bili ya 2,000 kuwa 12,000. Ukiona mruko wa namna hiyo, tafuta kwenye uniti.

Basi tuseme mita imesomwa sawasawa kila mwezi, namba ni yako, na uniti zimepanda kutoka 90 hadi 300. Chomoa kila kifaa kwenye soketi, zima taa zote, lakini uiache swichi kuu ikiwa imewashwa. Tazama taa nyekundu ndogo ya mita kwa dakika tano, au kisahani kama mita ni ya zamani. Ikiendelea kumetameta au kuzunguka wakati hakuna kinachowaka, sasa zima na swichi kuu. Ikisimama, stima inavuja ndani ya nyumba. Isiposimama, kuna waya uliochukua stima kati ya mita na swichi kuu, na hapo wewe usiguse. Paa zetu zimegusana na waya za nyumba nne hupita juu ya kichochoro kimoja, hivyo ni rahisi waya wa pengine kuunganishwa kwako, kwa makusudi au kwa kosa la fundi wa zamani. Piga picha za video za mita ikihesabu na swichi ikiwa imezimwa, uripoti siku hiyo hiyo.

Kuvuja ndani ya nyumba si jambo la ajabu huku kwetu. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu wenye chumvi, na chumvi hiyo ikiingia kwenye kiboksi cha maungio ya waya inatengeneza njia ya stima kwenda ardhini. Utauona unga mweupe au wa kijani kwenye skrubu za shaba. Njia hiyo ikipitisha ampea moja tu kwa volti 240, hizo ni wati 240 usiku na mchana, karibu uniti 6 kwa siku, zaidi ya 170 kwa mwezi. Hakuna taa inayowaka, hakuna sauti. Dalili yake ni breka ya kuvuja, ile inayokata stima yenyewe ikihisi inavujia ardhini, kudondoka mara kwa mara, hasa siku za mvua, au mtu kuhisi mtetemo akigusa bomba la maji. Nawasihi wenye nyumba wasikubali fundi "awatulizie" breka hiyo kwa kuiruka na kipande cha waya. Breka inayodondoka inafanya kazi yake. Ukiiruka umebaki na bili kubwa na hatari ya kuua mtoto bafuni.

Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, na mwombe aonyeshe leseni. Aje na kipimo cha mega cha volti 500, kifaa kinachoonyesha kama ngozi ya waya bado inazuia stima isivuje, azime swichi kuu, achomoe vifaa, apime kila laini kati ya waya wa moto na wa ardhini. Laini nzima inapaswa kuonyesha megaomu 1 au zaidi. Inayoonyesha chini ya hapo ndiyo yenye ugonjwa, na hufuatwa kiboksi kwa kiboksi mpaka panapovuja papatikane. Fundi anayekuambia ubadilishe waya wa nyumba nzima kabla hajapima chochote, mshukuru umwage.

Wengi hushuku mita yenyewe kuwa inakimbia. Hutokea, ila si mara nyingi, na kuna jaribio la dakika moja. Kwenye uso wa mita pameandikwa idadi ya mimeto kwa uniti, kwa mfano 1000 imp/kWh. Nyingine ni 1600 au 3200. Zima kila kitu, jaza birika la stima maji baridi, uliwashe peke yake. Birika ni bora kuliko pasi kwa jaribio hili, kwa sababu pasi hujizima na kujiwasha yenyewe kila inapopata moto. Chini ya birika pameandikwa wati, pengine 1850 hadi 2200. Shika ile ya juu. Wati 2,200 kwenye mita ya mimeto 1,000 ni mimeto 2,200 kwa saa, karibu 37 kwa dakika. Ukihesabu 30 au 33 usishangae, volti zetu hushuka jioni na birika linavuta kidogo kuliko lilivyoandikwa. Ukihesabu 45 na zaidi, rudia mara tatu, rekodi video yenye saa, uandike barua ya kuomba mita ipimwe. Usiifungue wala usikate lakiri. Kuchezea mita ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, na lakiri iliyokatwa inageuza malalamiko yako kuwa mashtaka.

Mara nyingi zaidi uniti zinaishia kwenye vifaa ambavyo mtu havihesabu. Feni ya dari ya wati 75 ikizunguka saa 20 kwa siku ni uniti 45 kwa mwezi. Kaskazi ikishika, kuanzia Disemba hadi Machi, nyumba yenye feni nne inafikisha 180 kwa feni peke yake, na hiyo tayari ni ngazi ya juu ya bei kabla hujawasha friji. Usizime feni ya mgonjwa au mtoto kwa ajili ya hesabu, lakini sebule isiyo na mtu haihitaji upepo. Wageni wa Maulidi wakijaa nyumba wiki nzima, au Ramadhani taa na vifaa vya jikoni vikikesha hadi daku, bili itapanda kwa haki, na afadhali pesa zake zitengwe mapema.

Pampu ya maji nataka niikazie, maana ndiyo mla stima mkubwa asiyeshukiwa. Pampu ya nguvu farasi moja huvuta takriban wati 1,000. Ikijaza tangi la juu ya paa kwa dakika 40 kila siku, ni uniti 20 kwa mwezi. Lakini boya likikwama kwa chumvi lisiizime, au vali ya kuzuia maji yasirudi ikichakaa maji yakawa yanashuka tena kisimani, pampu hiyo hiyo inaweza kukimbia saa 24: uniti 24 kwa siku, 720 kwa mwezi. Maji ya visima vya huku ni ya chumvichumvi na yanaigandisha vali kwa miezi tu. Weka sikio. Pampu ikisikika usiku wakati hakuna aliyefungua bomba, izime kwenye swichi yake, tazama kama tangi linashuka lenyewe. Vali mpya ni bei ndogo sana mbele ya bili ya mwezi mmoja wa namna hiyo.

Friza nayo ina yake. Mpira wa mlango ukilegea, hewa ya joto na unyevu huingia, barafu inajenga ukutani, mashine haipumziki. Funga mlango juu ya karatasi kisha uivute: ikitoka bila kukaza, mpira umekwisha. Barafu ikipita unene wa kidole, yeyusha. Isogeze mbali na ukuta kiasi cha kiganja, na usiiweke jikoni karibu na jiko. Kina mama wanaouza barafu na malai nyumbani waitie stima kwenye hesabu ya biashara. Kugandisha lita moja ya maji ya joto la kawaida hula takriban sehemu moja ya kumi ya uniti. Anayegandisha lita 20 kila siku anatumia uniti 60 kwa mwezi kwa barafu tu, mbali na zile ambazo friza ingetumia ikiwa imekaa. Bei ya pakiti isipozilipa uniti hizo, zinalipwa na pesa ya unga.

Sasa deni lenyewe. Ukishajua sehemu gani ni halali, ilipe hiyo, au sehemu yake, usingoje kesi iishe. Lipa kwa Paybill 888888 ukiweka namba ya akaunti yako, na usimpe mtu yeyote pesa mkononi mlangoni, hata akiwa na fulana na kitambulisho. Peleka barua yenye namba ya akaunti, namba ya mita, tarehe ya bili, vipimo vya bili, kipimo ulichosoma na tarehe yake, hesabu yako, na ombi lako kwa maneno yaliyo wazi: vipimo visahihishwe, au uniti zigawanywe, au mita ipimwe. Nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo, na uombe namba ya malalamiko. Katika barua hiyo hiyo omba stima isikatwe mpaka malalamiko yajibiwe, na jibu upewe kwa maandishi. Kulipa sehemu isiyo na ubishi peke yake si kinga ya kukatiwa, lakini kunamwondolea kila mtu neno la kusema kwamba umekataa kulipa.

Kwa deni ambalo ni la kweli na ni zito, omba mpango wa kulipa kidogo kidogo. Nenda na kiasi cha mwanzo mkononi na pendekezo lako, usingoje kupangiwa. Hesabu inayowaangusha wengi ni kusahau kwamba awamu hiyo inalipwa pamoja na bili mpya ya kila mwezi. Deni la 18,000 kwa miezi 6 ni 3,000, lakini ukiwa na bili ya kawaida ya 2,500 unatakiwa kupata 5,500 kila mwezi. Kama ni mvuvi na kusi ikichafuka hutoki baharini, sema hivyo, uombe miezi 12 ya 1,500. Awamu zikikosekana, mpango unaweza kuvunjika ukarudi foleni bila sifa. Makubaliano yaandikwe na yatiwe sahihi.

Kwenye mita za tokeni deni hujificha. Unanunua ya 500, uniti zinakuja chache. Usome ujumbe wote, si namba 20 za tokeni tu. Umeandika uniti, kiasi kilichoingia kwenye tokeni na makato mengine. Makato yakiwa makubwa kuliko ilivyozoeleka, uliza ofisini kama kuna deni linalokatwa, la lini, na limebaki kiasi gani. Mara nyingi ni la mpangaji aliyehama, au la mita ya zamani iliyong'olewa.

Anayehamia nyumba ya kupanga asikabidhiwe ufunguo kabla ya kuona salio la akaunti na kuipiga picha mita mbele ya mwenye nyumba, kipimo kikaandikwa kwenye mkataba. Wenye nyumba nao waliozoea mita moja kwa vyumba vitano wajue wanawaumiza wapangaji: vyumba vitano vya uniti 28 kila kimoja ni 140 kwenye mita ya pamoja, na wote wanalipa bei ya juu, ilhali kila mmoja akiwa na mita yake angekuwa ngazi ya chini kabisa. Na nyumba za urithi ambazo akaunti bado ina jina la marehemu babu, warithi wakubaliane jina libadilishwe. Malalamiko ya asiye mwenye akaunti hupokelewa kwa shida, kwa hiyo hati za urithi za Mahakama ya Kadhi na vitambulisho viwe tayari.

Kampuni isipojibu, au ikijibu kwa namna usiyoridhika nayo, hapo hapaishii. Malalamiko huenda EPRA, yakiambatana na ile nakala yenye muhuri. Uamuzi wa EPRA usiporidhisha, kuna Jopo la Rufaa za Kawi na Petroli, na rufaa hupelekwa ndani ya siku 30 tangu kupokea uamuzi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma bora na ya kupewa habari anazozihitaji. Anayeomba kuonyeshwa jinsi bili yake ilivyohesabiwa haombi fadhila.

Nawe Mhariri nina ombi kwako. Gharama ya mafuta na marekebisho mengine ya bili hutangazwa kila mwezi katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo wachache wetu hulisoma. Tafadhali yachapisheni viwango hivyo kwa Kiswahili, kila mwezi, ukurasa ule ule, pamoja na mfano wa bili ya uniti 30, ya 90 na ya 150 iliyokokotolewa hadi senti ya mwisho. Msomaji ataikata, ataibandika karibu na mita, na bili ikija ataiweka kando yake alinganishe.

Fundi wa stima,
Langoni, Lamu